Barua za Muziki: Opera imenilaza usingizi, nifanyeje?

Anayejibu amepiga fidla ya pili katika taarab ya Unguja kwa miaka 31. Siku hizi fidla imetundikwa ukutani na rimoti iko mkononi.

Shikamoo Mzee. Mimi ni mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisani. Mume wangu kanunua TV inayoshika intaneti, nami nikasema sasa nitaitazama opera, ule mchezo wa jukwaani unaoimbwa, ninayoisikia kwa jina tangu chuo cha ualimu. Nimejaribu mara mbili. Mara zote mbili nimezinduka namkuta mwenzangu anatazama mpira. Tatizo ni mimi au ni opera? – Mama wa kwaya, Morogoro

Marahaba mwanangu. Hukunitajia ulianza na ipi, ila nabahatisha: uliitafuta iliyo ndefu na yenye sifa kubwa, ukaiwasha saa tatu usiku baada ya kuosha vyombo. Mimi nami niliingilia mlango huo huo, kwa Wagner, Mjerumani mtunzi wa opera ndefu. Nilipoamka shingo imekakamaa na TV imejizima yenyewe.

Anza na Carmen, ya Mfaransa Bizet. Ina sehemu 4. Tazama moja kwa jioni moja, kesho nyingine. Tamthilia za Kituruki mnazifuata kipande kwa kipande miezi na miezi, kwa nini opera muitake kwa mkupuo? Na kabla hujawasha, soma hadithi yake. Mwanamke anafanya kazi kiwanda cha sigara mjini Seville. Askari anampenda hadi anaacha jeshi. Mwanamke anamchoka, anampenda mcheza na mafahali. Mwisho wake unatokea nje ya uwanja wa mafahali, na si mwisho mwema. Ukishaijua, macho yako hayatakuwa na kazi ya kukimbizana na maandishi yanayopita chini ya picha, ambayo kwa Kiswahili hayapo. Kiingereza utakipata.

Katika sehemu ya kwanza subiri wimbo unaoitwa Habanera. Sikiliza sello, ile fidla kubwa ya sauti nzito, chini: mdundo ule ule, mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetikisa mguu chini ya meza. Juu yake sauti ya Carmen inateremka nusu hatua kwa nusu hatua, haina haraka. Wewe ni mtu wa kwaya, basi mtazame pia mwimbaji anavuta pumzi wapi. Ukiwa ukumbini, kiti cha nyuma, hilo huwezi kuliona. Kamera inakupeleka hadi shingoni.

Wala usione haya kwa kusinzia. Watu wa Paris walioiona mara ya kwanza tarehe 3 Machi 1875 nao waliipokea kwa ubaridi. Bizet alifariki miezi mitatu baadaye, umri miaka 36, hakuwahi kujua itafika Morogoro.

Ukitaka bure, tafuta tovuti ya OperaVision. Ilianza 2017, inakusanya nyumba nyingi za opera za Ulaya, na kila onyesho hukaa miezi kadhaa kisha huondolewa. Kwa hiyo ukikuta kitu kizuri usikiweke kiporo. Metropolitan Opera ya New York ina hazina kubwa zaidi, lakini hiyo ni ya kulipia. Wakati wa korona, Machi 2020, walikuwa wakifungua opera moja bure kila usiku, na usiku wa kwanza walitoa hiyo hiyo Carmen. Nyumbani kwangu siku zile hatukulala.

Ukimaliza, mtafute mwimbaji wa opera Pretty Yende wa Afrika Kusini. Huyu opera aliikuta kwenye TV, tena kwenye tangazo la shirika la ndege, akiwa na miaka 16. Akaenda skuli kumuuliza mwalimu ule ni muziki gani. Januari 2013 akapanda jukwaa la Metropolitan kwa mara ya kwanza, akajikwaa ngazini, akaanguka mbele ya ukumbi mzima. Akainuka, akaimba.

Mzee, bando linaisha kabla ya wimbo kuisha. Nikipunguza ubora, sauti inakuwa mbaya. – Msomaji, Tanga

Sauti inaharibiwa na TV yako zaidi kuliko bando. Hizi TV bapa spika zake zimetazama nyuma au chini, muziki unaimbiwa ukuta. Mimi nina redio kaseti ya zamani, mlango wa kaseti umevunjika lakini spika zake zina kifua. Nimeiunga kwa waya kwenye tundu la hedfoni la TV, na dabo-besi, lile fidla kubwa kuliko yote, ambalo sikujua kama lipo likatokea. Picha iache kwenye 480. Kwangu saa moja hunila chini kidogo ya GB 1. Ukipandisha hadi 1080 inakula zaidi ya mara mbili, na fidla haitaimba vizuri zaidi kwa hilo.

Mzee wangu, napiga gitaa hotelini hapa Mombasa. Jazi naijua kwa masikio tu. Nikiwa na dakika 10 kabla ya kwenda kazini, nitazame nini?

Swali zuri, kijana. Kwanza tuelewane: kwetu jina la jazi lilibandikwa bendi za dansi, Western Jazz, Morogoro Jazz, na nazipenda. Wewe unaniuliza ile ya Wamarekani weusi.

Tafuta Billie Holiday, wimbo Fine and Mellow, kipindi cha The Sound of Jazz, televisheni ya CBS, tarehe 8 Desemba 1957. Picha ni nyeusi na nyeupe, na ilikwenda hewani moja kwa moja. Billie amekaa juu ya kigoda kirefu, wapigaji wamemzunguka, hakuna jukwaa la maana, hakuna mapambo. Anaimba ubeti, kisha wanaume wanapokezana. Ben Webster anapiga saksofoni yake kwa pumzi nzito. Kisha anainuka Lester Young, naye wa saksofoni.

Hapo acha kunywa chai. Lester alikuwa mgonjwa siku ile. Sehemu kubwa ya kipindi alikaa kitini. Yeye ndiye aliyempa Billie jina la Lady Day, na Billie ndiye aliyemwita Prez, yaani Rais, na inasemekana kwa miaka walikuwa hawako karibu tena. Lester anapiga mzunguko mmoja tu, noti chache, nyingine kaziacha makusudi. Na aliyekuwa na kamera, Mungu amrehemu, akaielekeza kwa Billie. Mtazame. Kichwa kinatikisika polepole, midomo inataka kucheka haicheki, macho yanamfuata mwenzake mpaka noti ya mwisho. Sahani ya santuri isingekupa hilo hata uisikilize mara mia.

Nimewahi kununiana na mpiga ganuni wetu miaka minne. Ugomvi wa nauli. Usiku mmoja harusini Mkunazini akapiga taksimu, kipande cha peke yake cha kubuni papo hapo, nzuri hadi nikajisahau nikaguna. Alinisikia. Hatukuzungumza siku ile wala iliyofuata, lakini wiki ya pili alininunulia kahawa. Kwa hiyo ule uso wa Billie naujua ni uso gani.

Lester alifariki Machi 1959, Billie Julai mwaka huo huo.

Ukipata saa moja na nusu siku ya mapumziko, ipo filamu ya rangi ya tamasha la Newport la 1958, Jazz on a Summer's Day. Humo kamera inatazama sana watu waliokuja kusikiliza: kofia zao, aiskrimu zao. Wapo wanaolalamika kwamba wapigaji wamepunjwa. Mimi ni mmoja wao, lakini Mahalia Jackson anapofika mwishoni nasamehe.

Wanangu wawili, miaka 7 na 9, hawakai kimya. Kuna muziki wa orkestra wa kuwafaa? – Baba, Arusha

Usiwanyamazishe. Tarehe 1 Januari, saa saba na robo mchana kwa saa zetu, orkestra ya Vienna hupiga katika ukumbi wa dhahabu wa Musikverein uliofunguliwa 1870. Nyimbo ni fupi fupi, nyingi za ukoo wa Strauss, watunzi wa Vienna. Wimbo wa kufungia ni Radetzky March, na hapo kiongozi wa orkestra, yule mwenye kijiti, huwageukia watazamaji na kuwaongoza kupiga makofi: sasa taratibu, sasa kwa nguvu. Wape wanao sufuria.

Assalaam alaykum Babu. Nipo Muscat, mama yangu ni wa Unguja. Ni TV ipi nzuri ya kutazamia opera?

Waalaykum salaam mjukuu wangu. Mji wako una Royal Opera House tangu Oktoba 2011, ilifunguliwa kwa opera ya Turandot, nawe unaniuliza habari ya TV? Vaa, nenda. Ukirudi niandikie fidla ya pili walikaa upande gani.