Kabla ya jeni, mkanda wa presha: kwa wanaoanza utafiti wa moyo hapa Mombasa

Ukitaka kufanya kazi ya vinasaba vya magonjwa ya moyo, anza kwa kujifunza kumfunga mtu mkanda wa presha. Kompyuta itakuja baadaye, na mashine ya kusoma DNA pia. Tunalisema mapema kwa sababu wengi watokao vyuoni huiona kazi ya mtaani kama adhabu ya miezi michache, kisha wapande ofisini. Mashine za kusoma jeni siku hizi hukosea kidogo mno. Makosa yako upande wa pili wa hesabu: presha ya huyu mama ni ngapi hasa, ana miaka mingapi, anameza dawa gani, na huyo anayemwita kaka ni kaka wa tumbo moja au ni mtoto wa ami yake?

Chukua mfano wa jeni iitwayo PCSK9. Mwaka 2003 watafiti nchini Ufaransa walionyesha kuwa ikibadilika kwa namna fulani, kolesteroli hupanda sana katika familia. Jonathan Cohen na Helen Hobbs wa Dallas wakauliza kinyume chake: je, wapo ambao jeni hii imezimika? Waliwapata, wengi wao Wamarekani weusi. Majibu ya mwaka 2006 yalionyesha kuwa kati ya Wamarekani weusi 3,363 waliofuatiliwa miaka 15, asilimia 2.6 walikuwa na jeni iliyozimika. Kolesteroli yao ya LDL, ile mbaya inayoziba mishipa, ilikuwa chini kwa asilimia 28, na hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilipungua kwa asilimia 88. Kufikia 2015 dawa za kuzuia protini inayotengenezwa na jeni hiyo ziliidhinishwa Marekani. Sasa angalia kilichowezesha yote hayo. Watu weusi waliandikishwa kwa wingi, kolesteroli yao ikapimwa kwa uangalifu, na wakatafutwa mwaka baada ya mwaka. Bila kazi hiyo ya mguu, jeni ingesomwa na isiambie mtu lolote.

Basi turudi kwenye mkanda. Unayempima aketi kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili chini bila kupishana, dakika 5 kimya. Nusu saa kabla ya hapo asiwe amekunywa kahawa, amevuta sigara wala kutafuna miraa au muguka, maana zote hupandisha presha na mapigo. Muulize kwa upole kama anataka kwenda haja ndogo kwanza. Kibofu kilichojaa huongeza namba, naye hatakwambia mwenyewe kwa haya. Mkono uegemee meza, mkanda uwe usawa wa moyo. Kila sentimita 10 mkono unavyoshuka chini ya moyo, presha husomeka juu kwa milimita 7 hadi 8 za zebaki. Katika nyumba zetu nyingi hakuna meza ya kimo hicho, mtu huketi kwenye mkeka au kochi lililozama. Beba mto mdogo mgumu kwenye mkoba wako, utautumia kila siku.

Upana wa mkanda ndio unaoharibu data nyingi kimyakimya. Pima mzingo wa mkono kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko, kabla ya kuchagua. Kwa mashine nyingi mkanda wa kati ni wa mkono wa sentimita 22 hadi 32, zaidi ya hapo chukua mkubwa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unaweza kuongeza zaidi ya milimita 10. Tazama hatari yake: wanene wataonekana wote wana presha, nawe utadhani umegundua jeni ya presha kumbe umegundua jeni ya unene. Usifunge juu ya buibui wala kukunja mkono wa nguo hadi ubane kama kamba. Apate chumba cha faragha na mpimaji mwanamke, avae kanga, mkono utoke. Timu isiyo na wanawake haifai kazi hii hapa pwani.

Pima mara tatu, ukiacha angalau dakika moja katikati, na asizungumze mtu yeyote, wewe ukiwemo. Kipimo cha kwanza huachwa, hesabu hufanywa kwa wastani wa viwili vya mwisho. Kila jioni msimamizi ahesabu tarakimu za mwisho. Kwa mashine ya kidijitali, sufuri mwishoni itokee kama mara 10 katika kila vipimo 100. Ikitokea mara 35 kwa mpimaji mmoja, anakadiria au anatunga. Mrudishe mafunzoni siku hiyo hiyo, kwa sababu data ya wiki tatu za namna hiyo haiokoleki.

Dawa ni mtihani mwingine. Mtu atakwambia ana "presha ya kupanda" au "presha ya kushuka", na dawa yake ni "ile nyeupe ndogo". Mwombe alete mfuko wa dawa wenyewe, uandike jina, miligramu, na lini mara ya mwisho alimeza. Anayetumia amlodipini, dawa ya kushusha presha, akasoma 128 si mtu wa 128. Wachambuzi wengi humwongezea milimita 15 kwenye namba ya juu na 10 kwenye ya chini kabla ya kutafuta jeni. Fomu isiyo na dawa humfanya mgonjwa aonekane mzima. Wakati wa Ramadhani wengi huhamisha dawa hadi daku au futari, na mwili huwa umepungukiwa maji mchana. Ukiweza, simamisha upimaji mwezi huo. Usipoweza, andika tarehe ya Kiislamu kando ya tarehe ya kawaida, kwa kuwa Ramadhani husogea siku 10 au 11 kila mwaka na mchambuzi wa baadaye hataikumbuka.

Umri wa wazee usiukubali ukiishia na sufuri au tano bila kuuliza zaidi. Tumia matukio. Uhuru ulipopatikana 1963 alikuwa anasoma au ameshaolewa? Mzee Kenyatta alipofariki hapa Mombasa, Agosti 1978, alikuwa na watoto wangapi? Mvua za El Niño za 1997 zilimkuta wapi? Matukio matatu yakikubaliana, umepata umri wa kutumainika ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Nasaba ndipo Kiswahili chenyewe kinapokutega. Lugha yetu ina adabu: mama mdogo ni mama, baba mkubwa ni baba, mtoto wa shangazi ni dada. Kwa uhusiano wa nyumbani hilo ni zuri mno, lakini katika mchoro wa ukoo linaharibu hesabu. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushiriki wastani wa nusu ya DNA, wa upande mmoja robo, na watoto wa ndugu sehemu moja ya nane. Ndugu wa kunyonya hawashiriki chochote kwa sababu ya kunyonya huko. Kwa hiyo usiulize "una ndugu wangapi?" Uliza "mmezaliwa tumbo moja wangapi?", kisha "kati yao, baba ni mmoja?" Muulize pia kama wazazi wake wana udugu baina yao. Ndoa ya mtoto wa ami na mtoto wa ami si siri hapa, ila ukiuliza kwa uso wa kushangaa hutaambiwa kweli.

Faida ya usahihi huu utaiona katika kolesteroli ya kurithi, ambayo humpata takriban mtu mmoja kati ya 250 hadi 300. Ukikuta LDL ya milimoli 4.9 kwa lita au zaidi kwa mtu mzima, na uvimbe mgumu kwenye kano ya kisigino, kila ndugu yake wa tumbo na baba mmoja ana nafasi moja kati ya mbili ya kuwa nayo. Mtoto wa ami ana moja kati ya nane. Ukiwachanganya, utawatisha wasiohusika na kuwaacha wanaohusika. Na mkubaliane tangu fomu ya ridhaa kwamba DNA ikionyesha baba si baba, taarifa hiyo haimfikii mtu yeyote.

Damu sasa. Jaza chupa kwa mpangilio: yenye kofia nyekundu au ya manjano kwanza, halafu ya zambarau, kisha ya kijivu. Ya zambarau ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, yenye potasiamu. Tone lake likiingia katika chupa ya nyekundu, potasiamu itapanda na kalsiamu itashuka, na daktari atamwita mgonjwa asiyeumwa. DNA hutoka kwenye ya zambarau. Igeuze taratibu mara 8 hadi 10, usiitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi. Ya kijivu ni ya sukari, kwa sababu damu ikiachwa kwenye joto katika chupa ya kawaida, sukari hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Ya nyekundu isubiri dakika 30 igande, kisha izungushwe kwa mashine dakika 10 ili itengane.

Hapo ndipo kivuko cha Likoni kinapoingia kwenye mpango wa utafiti. Damu ikitolewa Mtongwe au Ukunda na maabara iko kisiwani, foleni ya feri inaweza kula saa nzima au zaidi. Wengine huwahi kuitia kwenye barafu. Chembe zikigusana na barafu hupasuka, na hata zisipopasuka, damu nzima iliyopozwa huvujisha potasiamu. Beba mashine ndogo ya kuzungusha upande ule wa bahari, tenganisha kwanza, ndipo upoze, vifurushi vya barafu vikiwa vimefungwa kwa taulo. Lebo ziwe za friza zenye msimbo wa mistari, maana wino wa kalamu hufutika kwa spiriti na jasho. Friza ya nyuzi 80 chini ya sufuri iwe na jenereta na daftari la joto linalojazwa mara mbili kwa siku. Stima ikipotea usiku wa Jumamosi, nani ana ufunguo? Jibu hilo liandikwe mlangoni.

Kuhusu HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi iliyopita, kuwa mwangalifu. Pwani yetu imeishi na malaria kwa karne nyingi, na watu wengi wana chembe ya selimundu, thalasemia au upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Hali hizi zinaweza kupotosha kipimo hicho cha sukari. Pima na sukari ya kufunga pia.

Watu wataogopa. Hadithi za mumiani hazijafa, na mtu anayekuja na sindano na gari lenye vioo vyeusi anazifufua. Eleza kiasi kwa kipimo cha jikoni: mililita 10 ni vijiko viwili vya chai. Onyesha chupa tupu kabla ya kuchoma. Sema damu itakaa wapi, miaka mingapi, na kama itasafiri nje ya nchi. Kabla ya hapo pita kwa chifu, wazee wa mtaa na wahudumu wa afya ya jamii, nao wapewe nafasi ya kukataa. Kibali cha kamati ya maadili hutangulia, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kupeleka sampuli nje ya nchi kuna vibali vyake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu taarifa za jeni na za afya kuwa nyeti, kwa hiyo majina na namba za sampuli hazikai faili moja, wala orodha haitumwi kwa WhatsApp.

Ukifika kwenye uchambuzi, kumbuka ni nani tunaowapima. DNA ya kale kutoka makaburi ya miji ya Waswahili, Mtwapa ikiwemo, iliyochapishwa 2023, ilionyesha mchanganyiko wa Waafrika na watu kutoka Asia, hasa Uajemi, ulioanza karibu mwaka 1000. Leo katika mji mmoja kuna Mijikenda, Waswahili, Wahindi, Waarabu na watu wa bara. Aina fulani ya jeni ikiwa imejaa zaidi katika familia za Mji wa Kale, na familia hizo pia zinakula tofauti na kwenda hospitali mara nyingi zaidi, kompyuta itakwambia jeni hiyo ndiyo inayoleta ugonjwa. Uliza lugha na mahali walikozaliwa mababu na mabibi wote wanne, na utumie vipimo vya asili ya watu kwenye hesabu. Unapopekua DNA nzima, usikubali matokeo ambayo thamani yake ya p, kipimo cha kubahatisha, iko juu ya 0.00000005. Linganisha pia jinsia ya fomu na jinsia ya DNA. Zikipishana kwa watu kadhaa mfululizo, mara nyingi trei ya chupa iligeuzwa. Na alama za hatari ya ugonjwa kutokana na jeni zilizokokotolewa kwa Wazungu usizilete hapa kama zilivyo. Kufikia 2019 karibu asilimia 78 ya washiriki wa tafiti za jeni za namna hiyo duniani walikuwa wa asili ya Ulaya na asilimia 2 tu wa Kiafrika, na alama hizo hupoteza nguvu nyingi kwetu.

Milango ya kuingilia ni zaidi ya mmoja: uuguzi, maabara, takwimu, famasia, hata kompyuta. Kilifi, kama kilomita 60 kaskazini, kuna kituo cha KEMRI-Wellcome kilichoanza 1989, na tangu 2000 wakazi wa eneo lake huhesabiwa mara kwa mara. Fuatilia nafasi zao za mafunzo. Kabla ya kuomba, pata cheti cha maadili ya utafiti, kinapatikana bure mtandaoni. Jifunze R, lugha ya kompyuta ya takwimu, vizuri, kisha mfumo wa Linux wa kutosha kuendesha PLINK, programu ya kuchambua jeni. Miezi sita ya saa moja kila usiku inatosha kuanza. Kwenye barua yako usiandike kwamba unapenda jenetiki. Andika umepima watu wangapi, kwa mashine gani, na ni asilimia ngapi ya fomu zako zilizorudi bila pengo.

Na tangu siku ya kwanza ya ufuatiliaji, chukua namba tatu za simu: yake, ya jirani, na ya ndugu asiyekaa naye. Wapangaji wa Kisauni na Changamwe huhama, vijana huenda Ghuba, laini hubadilishwa. Piga zote tatu kila baada ya miezi minne, hata kama huna swali la kuuliza.