Sahani Iliyojaa Bakteria Si Habari Njema

SWALI: Habari Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Nairobi. Mimi na wenzangu tunafuata kozi ya bayolojia sintetiki ya kila wiki, na Jumamosi tunafanya vitendo katika maabara ya chuo. Wiki hii tuliwatia bakteria wa E. coli plasmidi, yaani kipande kidogo cha DNA cha duara, yenye jeni ya protini ya kung'aa kijani. Baada ya siku mbili sahani ya agari, ile rojo iliyoganda ya kuoteshea bakteria, imejaa bakteria pande zote, lakini hakuna kinachong'aa. Ampisilini, antibiotiki inayochanganywa kwenye agari, tulinunua kapsuli za kemisti, kama alivyotushauri mkufunzi mmoja wa mjini. Sahani ya kulinganishia, yenye bakteria wasiopewa plasmidi, hatukutayarisha kwa sababu agari ilikuwa kidogo. Je, plasmidi ni mbovu? Tununue nyingine, au turuke tuingie wiki ya CRISPR, mbinu ya kuhariri jeni?

JIBU: Msinunue chochote kwanza. Hakuna ushahidi wowote dhidi ya plasmidi yenu. Kilichonishtua katika barua yako ni hayo maneno "imejaa pande zote", ambayo umeyaandika kana kwamba ni nusu ya ushindi. Maswali ya namna hii hunijia kila muhula, na karibu yote yana imani moja: kikiota kitu kwenye ampisilini, basi jeni imeingia. Sivyo hata kidogo.

Tazameni jinsi kazi yenyewe inavyokwenda. Bakteria waliotayarishwa kwa kloridi ya kalsiamu, wakalazwa kwenye barafu, kisha wakashtuliwa kwa maji ya nyuzi 42 kwa muda usiozidi dakika moja na nusu, wanaopokea plasmidi miongoni mwao ni wachache mno. Mamilioni wengine hubaki vilevile walivyokuwa, na ampisilini imewekwa pale iwaue hao; waliopokea huokoka kwa sababu plasmidi hubeba pia jeni ya kuwakinga dhidi ya dawa hiyo. Jaribio likifaulu huacha vidoa vilivyotawanyika, ambavyo kwa kawaida unaweza kuvihesabu kwa kidole. Sahani iliyotanda utando mmoja inasema dawa haikufanya kazi, ni mlinzi aliyelala langoni na kila mtu akapita.

Kwa nini ililala? Huenda mliitia agari ikiwa bado inachemka. Ampisilini huharibiwa na joto. Subirini agari ishuke hadi nyuzi 50 hivi, chupa iwe inashikika mkononi. Huenda pia ni hizo kapsuli. Dawa iliyomo mara nyingi ni ya aina isiyoyeyuka vizuri majini, tena imechanganywa na vijazio. Maabara hutumia chumvi yake ya sodiamu, inayoyeyuka upesi, na kipimo kinachozoeleka ni mikrogramu 100 kwa kila mililita ya agari. Nyinyi hamjui ni kiasi gani kilifika. Na kuna hilo la siku mbili: bakteria waliopokea plasmidi hutoa kimeng'enya kiitwacho beta-laktamasi, ambacho huvuja na kuimaliza ampisilini iliyo jirani, kisha wasio na plasmidi huota pembeni yao bila kustahili. Ndiyo maana sahani husomwa asubuhi inayofuata, baada ya saa 16 hadi 18, kisha ikatiwa friji.

Ni lipi kati ya hayo? Sahani ya kulinganishia ingetujibu, na hamna. Hapa ndipo hunijia hasira, na si kwenu. Kuna watu hapa mjini wanaofundisha "uhandisi wa jeni" kwa wikendi moja, wanatoza ada nzito, wanagawa cheti chenye muhuri, na jambo la kwanza wanalokata ili muda utoshe ni sahani ya kulinganishia. Mwanafunzi anapiga picha sahani iliyojaa, anaenda nyumbani akiamini amebadilisha kiumbe. Mtu anayekutuma ukanunue antibiotiki ya wagonjwa, dawa ya kuandikiwa na daktari, ili ukaimwage kwenye agari, si mkufunzi. Kozi ya kila wiki ina maana kwa sababu bakteria wanahitaji usiku kucha, na kosa la Jumamosi hii lina nafasi ya kuonekana kabla ya Jumamosi ijayo. Mkiruka, mnalibeba. Hata vifaa vya CRISPR, katika mazoezi mengi ya E. coli, huingizwa kwa plasmidi na kuchujwa kwa antibiotiki. Mtakutana na utando uleule, safari hii mkiwa mmetumia vitu vya bei ghali zaidi.

Kuhusu agari kuwa kidogo: tumieni sahani mbili tu, moja isiyo na dawa, na ya pili yenye ampisilini igawanyeni sehemu tatu kwa mistari ya kalamu chini yake, mtapata nafasi nne. Bakteria bila plasmidi kwenye agari isiyo na dawa, lazima waote. Bakteria hao hao kwenye ampisilini, pasiote kitu. Kisha plasmidi yenu kwenye ampisilini, na kando yake plasmidi nyingine ambayo chuo kinajua inafanya kazi. Andikeni katika daftari mnachotarajia katika kila nafasi kabla ya kufungua mlango wa inkubeta.

Hiyo sahani iliyojaa msiitupe kwenye pipa la taka wala kuipeleka hosteli kuonyesha wenzenu. Itieni kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, nyuzi 121 kwa nusu saa, au iloweke katika jiki sehemu moja kwa maji sehemu tisa. Wengine hudhani kwamba Baraza la Mawaziri lilipotangaza kuondoa marufuku ya vyakula vilivyobadilishwa jeni, Oktoba 2022, basi kila mtu aliruhusiwa kubadilisha bakteria jikoni kwake. Tangazo lile halikufuta Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009, ambayo inataka kibali hata kwa kazi ya ndani ya maabara. Mwulizeni msimamizi wenu kibali cha chuo kinagusa nini.

Plasmidi tutaijadili nafasi zile nne zikishasomeka. Kama ni ile ambayo jeni yake husubiri arabinosi, hata bakteria walioipokea watabaki weupe mpaka sukari hiyo iwemo kwenye agari, basi ili mjue, mwombeni aliyewapa plasmidi ramani ya jeni zake.