Leo Usiku: tulivyohangaika na jina la kati la mtoto wetu

Moshi mweupe ulipotoka Vatikani tarehe 8 Mei 2025, mimba yangu ilikuwa ya miezi minane. Papa mpya, Leo wa Kumi na Nne, hajamaliza kupunga mkono, Mama akanipigia simu kutoka Wundanyi. "Akiwa mvulana ni Leo," akasema, na mjadala ukaishia hapo. Nililipenda. Herufi tatu tu, halichoshi mdomo.

Shida ni kwamba mume wangu ni Mjaluo, na mtoto alizaliwa usiku.

Kwa Wajaluo saa huchagua jina. Wa alfajiri ni Omondi, wa jua kali Ochieng', wa jioni Odhiambo, wa usiku Otieno. Mama mkwe hakungoja hata kuambiwa kilo. "Nyar Taita," yaani binti wa Taita, "asante. Otieno amefika." Basi akawa Leo Otieno, tukafurahi siku mbili, mpaka nilipolisikia kwa sikio la Kiswahili: Leo, Otieno. Leo usiku. Nimezaa miadi! Angezaliwa adhuhuri angekuwa leo mchana.

Kicheko hicho ningekivumilia. Kilichonishinda ni sauti. Leo linaishia kwa o, Otieno linaanza kwa o, na mdomo hauna subira na o mbili zilizobanana. Karani wa hospitali aliponiuliza jina la mtoto nikamtajia, akaandika kwenye ile karatasi ya kwenda kutafutia cheti: Leo Tieno. Nikamwonyesha. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye sijui kutamka, na nikikumbuka nilivyolitamka, alikuwa na haki yake.

Kwa hiyo kama mwanao ana jina fupi, jina la kati usilisome kwenye karatasi. Liite. Mume wangu alisimama getini, mimi nikiwa roshani ya ghorofa ya tatu, nikaita kila jina mara mbili kama ninayemwita mtoto aje kula. Majirani walidhani tumegombana. Pale ndipo nilipoona kwamba jina fupi likikutana na irabu ileile linamezwa, na likikutana na fupi jingine linakatika-katika. Tulijaribu Leo Juma, maana Juma wapo pia Ujaluoni, nikawasikia tayari watoto wa darasani wakimalizia: "Leo Jumatatu!" Lililokaa vizuri masikioni ni la silabi tatu, lenye konsonanti mbele. Si sheria, lakini. Raila Amolo zilikutana a na a, na nchi nzima ikatamka bila taabu. Ila Raila lina silabi tatu, linajisimamia. Ali Hassan Mwinyi ndiye mfano ninaoupenda: Ali ni fupi kama Leo, lakini ile h ya Hassan inalipa nafasi ya kupumua.

Andika na herufi za mwanzo pia. Jina la ukoo wa mume wangu nalo linaanza na O. L.O.O. Shemeji yangu, mwalimu, ndiye aliyegundua kwamba kwa Kiingereza hicho ni choo. Hebu fikiria zimeshonwa kwenye sweta ya shule.

Wala usikimbizwe na karani. Hapa Kenya una miezi sita ya kuandikisha kuzaliwa, na ukikosea, kubadilisha jina baada ya miaka miwili ya kuandikishwa ni mambo ya wakili na tangazo kwenye Gazeti la Serikali.

Aliyependekeza Mwadime ni mume wangu. Ni jina la marehemu babu yangu, mzaa mama. Mimi niliogopa: mtoto wa boma lile kubeba jina la upande wa mama? "Otieno atabaki Otieno hata tusipoandika," akasema. Nilipompigia Mama mkwe nilikuwa nimefanya mazoezi ya hotuba nzima. Hakunipa nafasi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja: "Huyo Mwadime alikuwa mtu wa namna gani?"

Kwao jina la marehemu, nying juogi, humwita mwenyewe arudi, kwa hiyo mwizi na mkorofi hawarithiwi. Nikamweleza jinsi babu alivyochimba matuta ya shamba mlimani kwa jembe mpaka uzeeni, na kwamba hakuwahi kusogeza mpaka wa jirani hata hatua moja. "Aya, mlete," akasema. Swali lile nimelishika. Sasa kila anayeniomba ushauri wa jina la babu namuuliza kwanza babu alikuwaje, na wawili tayari wamebadilisha mawazo.

Cheti kinasema Leo Mwadime. Siaya, kwao mume wangu, ni Otieno, kama tulivyoambiwa. Na Mama, mwenye Leo yake, hajamwita Leo hata siku moja. Humwita Baba, maana Mwadime alikuwa baba yake. Leo limebaki letu wawili, na nesi wa kliniki.