Jibu: Zoezi la mama anayevuja damu, bila mwanasesere wa bei ghali

Dada wa Mtwara, umeuliza wanauguzi wanafunzi wafanyeje zoezi la kuvuja damu baada ya kujifungua bila mwanasesere wa mafunzo. Mwanafunzi mmoja awe mama: mfunge kanga, mfichie kiunoni mfuko wa dripu wenye maji ya rozela, na mpira wa kitambaa tumboni uwe mji wa mimba. Fungua koki taratibu. Kabla ya mililita 500 kumwagika, kundi la watano liwe limeita msaada, linakanda mji wa mimba, limetoa oksitosini (dawa ya kuubana mji wa mimba) uniti 10. Sindano ichomwe kwenye sponji mezani, kamwe si pajani mwake!

Kinachoharibika ni mgawanyo wa kazi: wote hukimbilia kumwekea mama dripu, presha haipimwi. Mjadala baadaye uwe mrefu kuliko zoezi lenyewe. Aliyekosea aanze kueleza alichowaza, usimkatize.