Kabla ya milinganyo, zijue namba zako: kwa wanaoanza kutumia modeli kwenye tiba

Modeli ni hesabu, kwa kawaida ndani ya programu ya kompyuta, inayokadiria jambo kama vile uwezekano wa ugonjwa au mwendo wa mlipuko. Wanaoingia kwenye kazi ya kuzitengeneza kwa ajili ya tiba hutokea pande mbili. Kuna waliobobea katika hesabu na kompyuta ambao hawajawahi kuona fomu ya maabara inavyojazwa, na kuna matabibu wanaoziogopa alama za hesabu. Ushauri wa kwanza kwa wote ni mmoja: kabla hujaandika hata mstari wa programu, andika kwa sentensi moja uamuzi ambao modeli yako itausaidia. Nani anauamua, saa ngapi, na wakati huo ana taarifa gani mkononi?

"Kutabiri sepsisi", yaani hali ya hatari ambapo mwili unajidhuru ukipambana na maambukizi, bado si swali. Swali ni hili: mgonjwa aliyelazwa, saa mbili asubuhi ya leo, ana uwezekano gani wa kupata sepsisi ndani ya saa 24 zijazo, kwa kutumia majibu yaliyokwisha kutoka kufikia saa hiyo tu? Ukiliandika hivyo utaona mara moja kwamba safu ya dawa alizoandikiwa jioni lazima itolewe. Ukiiacha, modeli itaonekana hodari ajabu, kumbe inanakili shaka ambayo daktari alikuwa nayo tayari.

Kisha zikague namba, na usione uvivu kuzikagua moja moja. Sukari ya damu huandikwa kwa milimoli kwa lita au kwa miligramu kwa desilita, na tofauti yake ni mara 18: 5.5 na 99 ni sukari ile ile. Kwa kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, mikromoli kwa lita unazigawanya kwa 88.4 kupata miligramu kwa desilita. Chora mgawanyo wa kila safu. Vilima viwili vilivyoachana mbali mara nyingi ni vizio viwili vilivyochanganywa. Tafuta pia 0, 999 na -9, kwa sababu kuna wanaoziandika pale ambapo kipimo hakikufanyika, na mtu mwenye shinikizo la damu la 0 atavuta wastani wako kwenda kusikojulikana. Kwenye picha za CT, namba iliyohifadhiwa ndani ya faili lazima izidishwe na kujumlishwa kwa viwango viwili vilivyoandikwa kwenye faili lenyewe ndipo upate vizio vya Hounsfield, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia eksirei, ambavyo maji ni 0 na hewa ni -1000. Ukiona hewa inasomeka karibu na 0 na maji karibu na 1000, umeiruka hatua hiyo.

Nafasi tupu nayo inasema kitu. Kipimo cha laktati, kemikali inayopanda kwenye damu mwili unapokosa oksijeni ya kutosha, huagizwa pale daktari anapokuwa na wasiwasi, kwa hiyo waliokosa kipimo hicho si sawa na waliopimwa. Ukijaza pengo kwa wastani bila kuweka safu ya kuonyesha kwamba kipimo hakikufanyika, umeifuta habari hiyo.

Unapogawa data ya kufundishia na ya kujaribia, gawa kwa mgonjwa, kamwe usigawe kwa picha. Mtu mmoja anaweza kuwa na picha sita za kifua. Tatu zikiingia kwenye kufundisha na tatu kwenye kujaribu, modeli itamtambua mtu badala ya ugonjwa. Wastani unaotumia kusawazisha namba utoke kwenye sehemu ya kufundishia peke yake. Zaidi ya hapo, jaribu kwenye hospitali nyingine au mwaka uliofuata. Modeli za picha zimewahi kukutwa zikisoma alama za mashine au rula iliyowekwa kando ya doa la ngozi, na kasoro hiyo haionekani hadi ubadilishe mahali.

Sasa tukae kidogo kwenye jambo linalowapotosha hata wazoefu. Chukua kipimo chenye unyeti wa asilimia 90, yaani kinawakamata wagonjwa 90 kati ya 100, na umahususi wa asilimia 95, yaani wazima 95 kati ya 100 kinawapa jibu hasi. Kitumie kwa watu 10,000 ambao asilimia 1 yao wanaumwa. Wagonjwa ni 100, na 90 watapata jibu chanya. Wazima ni 9,900. Asilimia 5 yao, watu 495, nao watapata chanya. Majibu chanya yote ni 585 na wagonjwa humo ni 90, takriban asilimia 15. Kipeleke kipimo hicho hicho kliniki ambako asilimia 20 ya wanaofika wanaumwa: kati ya watu 10,000, wagonjwa 2,000 watatoa chanya 1,800, wazima 8,000 watatoa 400, na mwenye jibu chanya sasa ana uwezekano wa asilimia 82 wa kuwa mgonjwa. Kipimo ni kile kile, waliobadilika ni waliopimwa.

Ndiyo maana modeli iliyofundishwa kwa picha 500 za wagonjwa na 500 za wazima hutoa uwezekano mkubwa mno ikipelekwa kwa umma. Usiridhike kwamba inawapanga watu vizuri kutoka hatari ndogo hadi kubwa. Wakusanye wote iliowapa asilimia 20, uhesabu: karibu mmoja kati ya watano awe mgonjwa kweli.

Kwa wanaofanya modeli za milipuko, mtego uko kwingine. Modeli ya wasio na kinga, wanaoambukiza na waliopona, iliyotokana na kazi ya watafiti Kermack na McKendrick ya 1927, ina viwango viwili: cha kuambukiza na cha kupona. Mwanzoni mwa mlipuko, idadi ya wagonjwa inakuonyesha tofauti ya viwango hivyo tu, si kila kimoja peke yake. Tuseme wagonjwa wanaongezeka kwa asilimia 10 kwa siku. Mtu akiambukiza wengine kwa siku 5, kila mgonjwa anazalisha wagonjwa 1.5, akiambukiza kwa siku 10, anazalisha 2. Mstari unapita kwenye nukta zile zile, lakini sehemu ya watu wanaohitaji kinga ili mlipuko uzimike inatoka theluthi moja hadi nusu. Kompyuta itakupa jibu mojawapo bila kukuonya. Muda wa kuambukiza lazima uutoe kwenye uchunguzi wa wagonjwa wenyewe, kisha urudie hesabu kwa thamani kadhaa na uonyeshe majibu yote.

Kwenye programu yenyewe, hakiki mambo mawili kila mara: jumla ya makundi matatu ibaki ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, na ukipunguza kwa nusu hatua ya muda, yaani kipande cha muda ambacho kompyuta inaruka kila inapohesabu, jibu lisibadilike kwa kiasi cha maana. Idadi ya watu ikishuka chini ya sifuri, hatua ni kubwa mno.

Usidharau modeli ndogo. Kiasi cha virusi vya UKIMWI kwenye damu ya asiyetumia dawa hukaa karibu palepale kwa miaka, na ilikuwa rahisi kudhani virusi vimelala. Katika miaka ya 1995 na 1996, watafiti Alan Perelson, David Ho na wenzao walifuatilia jinsi virusi vinavyoporomoka baada ya dawa kuanza, wakaonyesha kwa milinganyo michache kwamba seli zilizoambukizwa hupungua kwa nusu kila siku 1.6 hivi. Utulivu ule ulitokana na uzalishaji na vifo vilivyokuwa vikienda sambamba kwa kasi kubwa.

Modeli ya utambuzi ikishakuwa tayari, iendeshe kwanza kimyakimya wodini: itoe majibu, yahifadhiwe, wala yasionyeshwe kwa yeyote anayetibu, halafu uyalinganishe na yaliyotokea. Omba maabara ikujulishe kila inapobadilisha mashine au kemikali ya kupimia, na uiandike tarehe hiyo kwenye daftari la modeli, kwa kuwa ndipo utakapoanza kutafuta majibu yakianza kupotoka.