Maswali ya Wasomaji: Gari la Familia Lisilotoka Gereji

Swali: Gari letu la familia lina tabia ya kuchemsha. Tulibadilisha rejeta, baadaye pampu ya maji, na fundi wa mwisho akaondoa thamostati akisema kwamba haina kazi. Kila mara hutulia kwa wiki chache, kisha mshale wa joto hupanda tena, hasa tunapopanda mlima tukiwa wote ndani. Maji ya rejeta hupungua, lakini chini ya gari sioni hata tone. Mume wangu anataka tununue injini nyingine, nami naona tutakuwa tunatupa fedha. Tufanye nini? – *Mama wa watoto wanne*

Jibu: Mama, msiinunue injini hiyo kwa sasa. Katika barua yako jambo zito kuliko yote ni kwamba maji yanapungua bila kudondoka. Huenda kuna mpira unaovuja kidogo kidogo na maji yakakauka juu ya injini ya moto kabla hayajafika chini, au mfuniko wa rejeta umechoka na hauwezi tena kuzuia shinikizo. Lakini ukiunganisha hilo na mlima pamoja na mzigo wa watu, shaka yangu kubwa iko kwenye gasketi ya hedi, yaani kizibo chembamba kilicho kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku iliyo chini yake. Injini inapobeba uzito, mgandamizo ndani ya silinda huwa mkubwa zaidi, na gasketi ikiwa imeungua, hewa ya moto husukumwa hadi kwenye njia za maji, nayo maji huingia kwenye silinda na kutoka kwa bomba la moshi. Kwa hali hiyo, hata mkibadilisha rejeta mara tatu hamtapata nafuu.

Haya yote hupimika, tena kwa gharama ndogo kuliko kipuri chochote mlichokwisha kununua. Injini ikiwa baridi kabisa, fundi hufunga pampu ndogo ya mkono yenye geji kwenye mdomo wa rejeta, akajaza hewa hadi kiwango kilichoandikwa juu ya mfuniko wake (mara nyingi utaona 0.9 au 1.1, kwa kipimo cha shinikizo kiitwacho baa), kisha akasubiri. Mshale wa geji ukishuka, kuna mahali panapovuja, na shinikizo hilo husaidia kupafichua. Kipimo cha pili ni cha dawa ya buluu, ambayo hupitishiwa hewa inayotoka juu ya maji ya rejeta injini ikiwa inanguruma. Dawa ikigeuka kuwa ya njano kwa injini ya petroli, moshi umeshaingia kwenye maji, na hapo mtakuwa na jibu. Chomoa pia kijiti cha kupimia oili. Oili iliyogeuka rangi na kufanana na chai ya maziwa ina maji ndani yake, na gari hilo lisiwashwe tena mpaka litengenezwe. Utando mdogo wa rangi hiyo chini ya kifuniko cha oili peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa sababu hutokea pia kwa magari yanayokwenda safari fupi tu.

Naomba thamostati irudishwe. Kazi yake ni kuyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, ambalo kwa magari mengi ni kati ya nyuzi 80 na 95. Ikiondolewa, injini huchelewa kupata moto na hula mafuta zaidi, na katika injini nyingine sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, hivyo joto hupanda mlimani vilevile. Kwa maoni yangu, fundi anayeondoa thamostati hajatibu ugonjwa, ameficha dalili.

Ikithibitika kuwa ni gasketi, swali la kumuuliza fundi ni kama hedi itapelekwa kupimwa unyoofu kwa rula ya chuma na kukaguliwa nyufa kabla ya kurudishwa. Hedi ya aluminiamu iliyowahi kuchemka sana hupinda, na gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haidumu. Muulize pia kama ana spana ya kupimia nguvu ya kukaza, maana bolti za hedi hukazwa kwa mpangilio na kipimo maalumu, na katika injini nyingi bolti zilizofunguliwa hazirudishwi. Asipokuwa nayo, tafuteni fundi mwingine.

Wakati mnasubiri, msijaze maji matupu kila siku, kwani huleta kutu, tumieni kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu. Pia mtu yeyote asifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Shinikizo lililomo huyawezesha maji kufikia karibu nyuzi 120 bila kuchemka, na mfuniko ukifunguliwa maji hayo hulipuka papo hapo usoni mwa mfunguaji.

Swali: Tumenunua betri mpya mbili, na bado asubuhi gari haliwaki mpaka tulisukume. Je, betri za siku hizi ni mbovu? – *Baba wa familia*

Jibu: Ndugu yangu, betri mbili mpya kufa kwa namna ileile ni dalili kwamba betri haina kosa. Kwanza safisha vichwa vyake na ukaze waya zake, ukiwemo ule wa hasi unaokwenda kwenye bodi, kwani mara nyingine tatizo huishia hapo. Baada ya hapo pima. Betri nzima iliyopumzika huonyesha takriban volti 12.6, na injini ikiwaka isomeke kati ya 13.8 na 14.5 kwa magari mengi. Ikibaki kwenye 12, altaneta, yaani mashine inayochaji betri injini ikiwaka, haichaji. Ikiwa inachaji vizuri, kuna kitu kinachokula umeme usiku: taa ya buti isiyozimika, redio au king'ora kilichofungwa ovyo. Fundi wa umeme hupima umeme unaotoka gari likiwa limezimwa na kutulia. Ukizidi sana miliampia 50, huchomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka kiwango kishuke, na fyuzi iliyokishusha humwonyesha njia ya kufuata.

Swali: Je, gari likishakuwa sumbufu hivi, si bora kuliuza? – *Msomaji aliyechoka*

Jibu: Inategemea kinachoharibika. Gasketi, altaneta na thamostati zikitengenezwa sawasawa husahaulika kwa miaka, na gari kuukuu utakalonunua badala yake litakuja na maradhi usiyoyajua. Lakini kutu ikishakula chasisi au mahali inaposhikia springi, mimi nisingepakia watoto humo hata kama injini ni nzima. Ukiamua kuuza, mkabidhi mnunuzi risiti zote za matengenezo na umweleze waziwazi gari linasumbua wapi, kwa kuwa naye huenda ana familia ya kubeba.