Mtoto wako asiikose sauti ya baragumu

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu nilipompeleka sinagogi kwa mara ya kwanza kwa Rosh Hashanah, Mwaka Mpya wa Kiyahudi. Tuliwahi mapema, tukakaa safu ya pili. Nusu saa haijapita akauliza kwa sauti, "Mama, tunaenda nyumbani saa ngapi?" Mzee mmoja akageuka, akatutazama. Nikambeba mwanangu nikatoka naye. Baragumu lilipopulizwa tulikuwa kwenye korido, tukilisikia kupitia ukutani. "Mama, ng'ombe analia wapi?" akaniuliza. Iliniuma sana, kwa sababu sauti ile ndiyo hasa niliyotaka aione ikitoka.

Ibada ya asubuhi hiyo huweza kuchukua saa nne, hata tano. Hakuna mtoto mdogo wa kuikalia yote, na mama asijilaumu. Siku hizi naulizia mapema: baragumu litapigwa saa ngapi? Kwa kawaida huanza baada ya kusomwa Torati. Tunafika muda mfupi kabla, na ninamsogeza mbele mpaka aione ile pembe ya kondoo dume ikiinuliwa. Ila angalia kalenda, maana Mwaka Mpya ukiangukia Sabato, sinagogi nyingi hazipulizi siku hiyo.

Nyumbani tunafanya mazoezi ya milio. Tekia ni mmoja, umenyooka. Shevarim ni mitatu, kama mtu anayeugua. Terua ni mifupi mifupi, angalau tisa, kama kwikwi za mtoto aliyelia sana. Akiitambua, ibada inakuwa yake. Desturi ni milio 100, naye huihesabu kwa vidole mpaka inampotea.

Begi langu lina kitabu cha picha, mwanasesere wa kitambaa na zabibu kavu. Siku ya Yom Kippur, siku ya toba, wakubwa wanafunga takriban saa 25, lakini watoto wadogo hawafungi, kwa hiyo mlishe, ila mtoke nje ya ukumbi. Simu yenye katuni iache: katika sinagogi za Kiorthodoksi, za Wayahudi wanaoshika sana sheria, haitumiwi kabisa siku kuu.

Kama mwanao hajawahi kuingia, mimi ningeanza na Simchat Torah, sikukuu ya kuifurahia Torati, badala ya Yom Kippur. Watu wanacheza na hati-kunjo za Torati mikononi, na sehemu nyingi watoto wote huitwa mbele, wakubwa wanashika talit, ile shali ya sala, na kuitandaza juu ya vichwa vyao huku baraka ikisomwa. Binti yangu alinyoosha mkono akagusa vishada vyake, akabaki ameduwaa.

Nanyi mnaokaa viti vya jirani, jicho moja kali linaweza kumfukuza mama mwaka mzima. Torati yenyewe, ikiagiza kusanyiko la kila mwaka wa saba wakati wa Sukkot, Sikukuu ya Vibanda, inawataja watoto waziwazi. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, ikauliza watoto wanakuja kwa nini, ikajibu: ili waliowaleta wapate thawabu. Mwaka uliofuata bibi mmoja aliinama hadi usawa wa macho ya binti yangu, akamwambia "Shana tova", yaani mwaka mwema, kisha akamwonyesha kwa kidole mstari tuliofikia.

Sasa ana miaka sita. Mlio wa mwisho, ule mrefu kuliko yote, ulipoanza, alinishika mkono akabana pumzi, na hakuiachia mpaka mpulizaji aliposhusha pembe.